Maoni Yetu: Mpeni mwoshaji nusu saa

Kwenye yadi za malori, kuanzia Kurasini hadi Tunduma, kuna kesi inayoamuliwa kila mara bila hakimu. Mashine ya kuoshea kwa maji ya moto imegoma. Bosi anafika, anauliza nani alikuwa zamu, kijana anajitaja, na papo hapo mshahara wake unapigiwa hesabu. Fundi hajafungua hata boliti moja, oili haijachunguliwa, lakini mkosaji keshapatikana.

Hukumu ya namna hiyo haina mguu wa kusimamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28, imembana mwajiri anayetaka kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, naye awe amelikubali deni hilo kwa maandishi. Na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Tungependa kumwona bosi anayeweza kuandika chanzo cha kufa kwa pampu ambayo hajawahi kuitunzia hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu.

Msimamo wetu ni kwamba mashine nyingi za maji ya moto huuawa na ratiba, na ratiba anaipanga mwenye mali. Mwoshaji halipwi kwa kuitunza mashine. Analipwa kwa gari analoosha. Kila dakika anayosimama kusafisha filta ni dakika inayomtoka mfukoni, huku foleni ya malori ikipiga honi mgongoni. Mtu wa hali hiyo hata ungempa kitabu cha mashine kilichoandikwa kwa wino wa dhahabu, asingekifungua.

Tuelewane kwanza tunazungumzia mashine ipi. Si zile pampu ndogo za maji baridi zinazoosha bodaboda na teksi pembeni mwa barabara. Ni ile yenye tangi la dizeli, kichomeo na koili, inayotoa maji ya nyuzi 80 au zaidi kwa presha ya bar 100 hadi 200, na inayong'oa grisi kwenye chesisi pale ambapo maji baridi na sabuni vimeshindwa. Alfred Kärcher alitoa ya kwanza barani Ulaya huko Ujerumani mwaka 1950, na muundo wake wa msingi ndio huo huo hadi leo: pampu inasukuma maji, maji yanapita kwenye bomba refu lililosokotwa, na moto wa dizeli unalipasha bomba hilo kwa nje. Ni mali ya mamilioni ya shilingi, lakini vinavyoiua ni vitu vya bei ya chai.

Oili ndiyo ya kwanza. Ndani ya pampu kuna plunja, mara nyingi tatu na za kauri, zinazokwenda mbele na nyuma. Upande mmoja wa plunja kuna maji, upande wa pili kuna oili, na katikati kuna sili zinazozuia viwili hivyo visionane. Sili haidumu milele. Vitabu vya baadhi ya mashine huruhusu matone matatu ya maji kwa dakika chini ya pampu. Yakizidi hapo, ni siku ya fundi. Ukipuuza matone, maji yatapenya hadi kwenye oili, nayo itapauka na kuwa nyeupe. Oili nyeupe hailainishi tena chuma. Mashine ikiendelea kuwashwa katika hali hiyo, beringi na mkono wa kusukuma plunja vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe, na kazi ya kubadilisha sili inageuka kuwa kazi ya kununua pampu.

Watengenezaji waliliona hilo mapema, ndiyo maana wakaweka kioo kidogo ubavuni mwa pampu ili oili ionekane bila kufungua kitu. Kukitazama ni kazi ya sekunde tano. Nendeni yadi yoyote mkakitafute kioo hicho. Mtakikuta kimefunikwa na tope lililochanganyika na masizi, gumu kiasi cha kuhitaji bisibisi kulikwangua. Mashine inayoosha malori ya watu kutwa nzima haioshwi yenyewe.

Halafu kuna hili la "oili tunabadilisha kila mwaka". Vitabu vya mashine nyingi vinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 50 za kazi, kisha kila saa 500 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Wenye yadi wanalishika neno "mwaka" na kuziacha saa. Mashine inayofanya kazi saa sita kwa siku, siku sita kwa wiki, inazimaliza saa 500 kwa wiki 14. Kwa hiyo yadi yenye wateja inapaswa kumwaga oili karibu mara nne kwa mwaka. Anayemwaga mara moja anaitumia oili ileile mara nne ya muda wake, kisha anamkata kijana mshahara.

Nozeli ndiko pesa nyingi zinakoliwa na vishoka, wale mafundi wasiosomea kazi. Presha haitengenezwi na pampu peke yake. Pampu inasukuma kiasi kilekile cha maji kila dakika, na kitundu cha nozeli ndicho kinachoyabana. Maji yenye mchanga yanakikwangua kitundu hicho kidogokidogo hadi kinapanuka. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10 tu, presha inashuka kwa karibu theluthi moja. Mashine ya bar 150 inakuwa ya bar 100, na kwa macho huoni tofauti yoyote kwenye nozeli. Kishoka akiitwa anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema pampu imechoka. Inafunguliwa, sili zinabadilishwa, presha haipandi. Anakaza vali ya kurudishia maji hadi mwisho, presha haipandi, ila sasa amelegeza kinga mojawapo ya mashine. Siku ya tatu mtu mwingine anabadilisha nozeli kwa bei ndogo na kazi inaendelea. Nozeli ya akiba ikae stoo kwa mwenye yadi, na mashine ikipoteza nguvu ijaribiwe hiyo kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Iwe ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu. Nozeli ya mashine nyingine, hata ikiingia vizuri kwenye nyuzi zake, inaweza kuipandisha presha kupita kiasi au kuiua kabisa.

Tukija kwenye koili tunafika penye maumivu halisi, na hapa maji yenyewe ndiyo mshitakiwa. Maji ya visima virefu vya Dodoma, vya Singida na vya sehemu nyingi za pwani yana madini. Yakipashwa moto, chokaa inajitenga na kuganda kwenye kuta za bomba. Kila aliyewahi kuchungulia ndani ya birika la nyumba inayotumia maji ya kisima analijua gamba lile jeupe. Lakini birika lina mdomo, unaweza kulisugua. Koili ni bomba jembamba la urefu wa makumi ya mita, limesokotwa na kufungiwa ndani ya pipa la chuma. Hakuna brashi inayofika.

Gamba hilo hupitisha joto kwa shida sana, mara makumi pungufu ya chuma. Umeomba nyuzi 80, maji yanatoka na 60, kichomeo hakizimi, na joto ulilolinunua kituo cha mafuta linapaa na moshi. Wakati huohuo chuma cha koili, kwa kukosa maji ya kukipoza vizuri, kinapata joto kuliko kilivyoundiwa, hadi siku moja kinatoboka. Kwa nje nako masizi yanajipaka kwenye bomba lilelile. Koili iliyovaa chokaa ndani na masizi nje inakula dizeli kuliko lori inayoliosha.

Tupige hesabu kidogo, maana wenye mali huielewa hesabu kuliko mawaidha. Kupasha lita 900 za maji kwa saa, kutoka nyuzi 25 hadi 85, kunahitaji dizeli ya karibu lita saba kwa saa endapo kichomeo na koili ni vizima. Saa sita kwa siku ni lita 42. Koili na kichomeo vikipoteza sehemu ya kumi tu ya uwezo wao, zinateketea takriban lita nne na nusu za ziada kila siku ya kazi. Zidisheni wenyewe kwa bei ya leo kituoni, kisha kwa siku 26 za mwezi, mlinganishe na gharama ya kusafisha koili.

Na si lazima kuifungua mashine ili kujua koili imeziba. Kwa mashine ambayo geji yake iko upande wa pampu, geji ikisoma juu huku bunduki ikitema maji kwa unyonge, njia imezibwa mbele ya geji, na koili ndiyo ya kwanza kushukiwa baada ya nozeli iliyoziba. Geji ikisoma chini na bunduki ikiwa dhaifu, rudi kwenye nozeli iliyopanuka, sili, au maji yanayoingia kidogo. Hayo mwoshaji wa darasa la saba anaweza kuyajua kwa wiki moja, akifundishwa.

Kusafisha chokaa ni kazi ya dawa maalumu, nyingi zikiwa za asidi zilizotiwa kinga ya chuma, zinazozungushwa ndani ya koili kichomeo kikiwa kimezimwa, kisha kusuuzwa kwa maji mengi. Lifanye jambo hilo kwa glavu na miwani, penye hewa. Tunalisema kwa sababu kuna tabia ya kumwaga asidi ya betri ndani ya mashine. Ni ujinga wa mara mbili. Asidi ya betri inakula chuma, na ikikutana na chokaa inazaa jasi, nayo jasi haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Umeondoa gamba linaloyeyuka kwa dawa na kupanda lisilotoka kirahisi.

Bora zaidi ni kutoiingiza chokaa tangu mwanzo. Kilainisha maji kipo madukani kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo ana paa. Yadi nyingi zina banda la bati, na bati la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 20 linateremsha lita 4,000 za maji yasiyo na chokaa, kabla ya kuhesabu yanayopotea. Hizo ni saa nne za kuosha. Mvua za masika zinamwagika mtaroni kila mwaka mbele ya macho ya watu wanaonunua maji ya boza.

Dizeli haina mambo mengi: filta yake ibadilishwe, tangi lichujwe uchafu na maji yanayotuama chini, na lisijazwe kwa dumu lililokuwa na kitu kingine. Moshi utakuambia yaliyobaki. Ukiwa mweusi, moto unakosa hewa au unazidiwa mafuta. Ukiwa mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanapita bila kuungua, na hapo usiendelee kubonyeza swichi ukitumaini moto utashika, kwa kuwa dizeli inajikusanya ndani ya pipa na siku ikishika italipuka usoni mwako.

Kuzima nako kuna utaratibu, na ndio unaorukwa kuliko yote kwa kuwa unakuja jioni watu wakiwa wamechoka. Kichomeo kinazimwa kwanza. Maji yanaachwa yapite dakika mbili tatu hadi yatoke ya baridi, ili koili ipoe na sabuni isuuzike. Kisha pampu inazimwa, bomba la maji linafungwa, na kifyatulio cha bunduki kinabanwa hadi presha yote iishe. Anayechomoa waya tu na kuondoka ameiacha koili ikiwa ya moto na maji yametuama ndani yake, mazingira ambayo chokaa inayapenda. Wala mashine isiachwe inanguruma bunduki ikiwa imefungwa wakati mtu amekwenda kunywa chai. Maji yanazunguka palepale ndani ya pampu, yanachemka, na sili zinaungua.

Sasa, wenye yadi watatujibu kwamba vijana ni wazembe, na kwamba wengine wanaiba dizeli. Hatukatai. Wapo wanaokinga mafuta kwenye chupa jioni, na wapo wasiojali chochote. Lakini dawa ya yote mawili ni daftari moja la kurasa 96. Kila siku iandikwe saa mashine ilipowashwa na ilipozimwa, lita za dizeli zilizoingia, geji ilisoma ngapi, oili ilikuwa rangi gani. Mashine iliyokuwa inakula lita saba kwa saa ikianza kula tisa, ama koili inaziba ama kuna chupa mahali fulani. Bila daftari, bosi hawezi kutofautisha chokaa na mwizi, na kwa kawaida anachagua mwizi.

Ndiyo maana tunadai nusu saa. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, mashine ipumzishwe, na mwoshaji alipwe nusu saa hiyo kana kwamba ameosha gari. Akwangue kioo na kutazama oili. Afungue filta ya maji inapoingia na kuondoa mchanga. Akague mpira wa presha kutoka mwanzo hadi mwisho. Atazame chini ya pampu, atazame moshi, aandike. Dakika thelathini kwa wiki si hasara kwa biashara inayolala siku tatu nzima kila pampu inapokufa.

Ukaguzi wa mpira tumeutaja kwa makusudi. Tumeona mipira iliyopasuka ikafungwa kwa ukanda wa tyubu ya tairi na kurudishwa kazini. Huko ndani kuna maji ya nyuzi 80 kwa presha ya bar 150. Ukanda wa tyubu hauzuii kitu, unaficha tu mahali yatakapotokea. Tumeona pia vifyatulio vilivyofungwa kwa waya ili mkono usichoke, kwa hiyo bunduki ikianguka inacheza chini yenyewe kama ilivyo, na maji hayachagui mguu wa nani. Maji ya presha hiyo hupenya ngozi. Jeraha lake kwa nje linaweza kuwa kitundu kidogo kisichotoa hata damu nyingi, huku ndani yameshasambaa kwenye nyama ya kidole yakiwa na grisi na uchafu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kuwa ni maji ya presha. Kupaka dawa na kusubiri asubuhi ndiko kunakogharimu kidole.

Na mashine isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa kichomeo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mitambo yake ni salama na kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mabuti, glavu na miwani si zawadi ya sikukuu.

Wauzaji nao wasijifiche nyuma ya migongo ya wenye yadi. Mashine nyingi, hasa za mtumba kutoka Ulaya, zinakabidhiwa bila kitabu, au na kitabu cha Kijerumani ambacho hakuna mtu yadi nzima anayeweza kukisoma. Hatuombi tafsiri ya kurasa 80. Tunaomba karatasi moja ya Kiswahili iliyowekwa plastiki, ya kutundikwa ukutani juu ya mashine: oili ipi na baada ya saa ngapi, namba ya nozeli, namba ya filta, hatua za kuwasha na kuzima, na moshi wa rangi gani una maana gani. Muuzaji anayezijua mashine zake anaiandika kwa mchana mmoja. Mnunuzi aidai kabla ya kulipa, pamoja na nozeli moja ya akiba na filta mbili. Muuzaji akishindwa kuvitoa, kuna maduka mengine mtaa huohuo.